Mshelisheli wa Clovis

"Mer, hebu njoo unieleze," Bi Ionie aliniita kutoka upande wake wa ua, panga mkononi, asubuhi hata maji yangu ya chai hayajachemka. "Mti unakufa, na huku unazaa. Umeona wapi?"

Nikaepua sufuria nikaenda. Kati ya ua wake na wangu kuna seng'enge iliyoanguka zamani, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona haja ya kuisimamisha. Mshelisheli wake ulikuwa umesimama katikati ya ua kama siku zote, ila juu ulikuwa na majani machache, ya manjano, utadhani umenyolewa na kinyozi mlevi. Mashelisheli yalikuwa chini, yameanguka yangali madogo, magumu, hayafai hata kwa nguruwe. Lakini kila mahali pengine, karibu na pipa la maji, ubavuni mwa jiko la nje, hata chini ya kamba ya kuanikia nguo, machipukizi ya mshelisheli yalikuwa yamesimama kufikia magotini, majani yake mapana yanang'aa kwa afya.

"Kufyeka nimefyeka," alisema. "Nikigeuka yameota tena."

"Basi haufi. Maiti hazai."

"Angalia juu kisha useme tena."

Nikaangalia juu. Sikusema tena.

Ingekuwa mti wa mtu mwingine ningemwambia aukate achome mkaa, nirudi kwenye chai yangu. Lakini huu ulikuwa mti wa Clovis. Clovis alipozaliwa, baba yake, marehemu Vernal, alichimba shimo pale katikati ya ua, akakizika kitovu cha mtoto, na juu yake akaotesha chipukizi la mshelisheli alilolitoa kwa mama yake. Hapa Cedar Bank kila mtoto ana mti wake namna hiyo. Watoto wakigombana husikii "ondoka kwetu", utasikia "shuka kwenye mti wangu". Mti ukinawiri, mwenye mti yu salama. Mti ukiugua, watu hawasemi kitu, ila wanapita nyumbani kwako mara kwa mara kuliko kawaida. Wangu mimi ni mnazi, na ulipigwa radi mwaka uleule nilioolewa. Anayetaka kucheka na acheke, ila ndoa ile niliiona.

Na Clovis alikuwa Kanada, kwenye mashamba ya matofaa, kwa mkataba wa miaka miwili.

Ionie ni mshonaji. Nusu ya watoto wa shule wa wilaya yetu hii ya Portland wamevaa sare zilizopita kwenye cherehani yake. Ni mwanamke mwembamba, mwenye haraka, asiyejua kukaa na mikono mitupu. Kila alfajiri alifagia ua wake mpaka ikabaki michirizi ya ufagio tu kwenye udongo, na ole wake kuku atakayeikanyaga. Mama zetu walitufundisha kwamba mwanamke hujulikana kwa ua wake, na Ionie alilishika somo hilo kuliko sisi wengine.

Clovis alipoondoka alilia vizuri, akamaliza, kisha mikono ikaanza kumwasha. "Nitamfanyia nini mtu aliye Kanada?" aliniuliza. "Siwezi kumpikia. Siwezi kumfulia. Lakini mti wake uko hapa, Mer. Na hebu uangalie ulivyo. Mizizi nje, kama mtu asiye na nguo."

Kweli, mizizi ilikuwa nje. Mshelisheli mzee ndivyo ulivyo, mizizi yake inatambaa juujuu ya ardhi kama mishipa kwenye miguu ya bibi. Hakuna aliyewahi kuona aibu kwa hilo. Ionie aliona. Akaamua kuuvisha.

Alichimba kuzunguka mti kwa jembe, na mzizi uliomzuia aliukata kwa panga. Mingine ilikuwa minene kama mkono wake. Akapanga mawe ya mtoni duara zima, akayapaka chokaa, na shina nalo akalipaka chokaa mpaka kiunoni, kama tunavyofanya karibu na Krismasi. Mzee Hopeton, mwenye pikapu, akamletea udongo mweusi kutoka ukingo wa mto, naye akaujaza ndani ya mawe mpaka ukafika usawa wa magoti, umelibana shina kama tai ya shingoni. Humo akapanda magimbi, tangawizi, na maua ya majani mekundu aliyoomba kila nyumba yenye nayo. Kila jioni alimwagilia.

Sitasema uongo, palipendeza. Watu waliotoka kanisani walisimama barabarani kutazama. Mimi nilimwonea wivu na nikamwambia, "Mwenzangu, mti umeupeleka harusini." Akacheka mpaka akafunika mdomo. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya Ionie yalikuwa yamechanua pale uani, kila mpita njia ayaone.

Mwaka uliofuata yakaanza majani ya manjano. Kwanza moja moja, ukasema ni jua. Halafu tawi la juu likabaki uchi.

Clovis alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Ionie alikuwa akimpokea kwa kisimu chake cha vitufe, ambacho hakionyeshi picha wala hakuna mtu aliyeweza kumshawishi akibadilishe. Nilikuwa nikikaa naye barazani, kwa hiyo nilisikia upande wake wote na nusu ya upande wa mwanawe.

"Unakula?"

"Nakula, Mama."

"Unalala?"

"Nalala. Mti wangu vipi?"

"Majani yanageuka manjano, Clovis."

Clovis akakohoa. Kikohozi kidogo tu cha mtu aliye kwenye baridi, lakini Ionie alinitazama kama aliyesikia mlango ukivunjwa.

"Unaumwa?"

"Ni baridi, Mama. Huku kila mtu anakohoa."

"Clovis, unanificha."

Tangu siku hiyo hapakuwa na jani lililoanguka pale uani likawa jani tu. Kila moja lilikuwa habari kutoka Kanada. Naye akazidi kuuhudumia mti. Akaongeza udongo. Akaongeza samadi ya ng'ombe. Akamwagilia asubuhi na jioni hadi magimbi yakawa na majani makubwa kama miavuli, na kadiri magimbi yalivyoshamiri ndivyo mti ulivyonyong'onyea. Uzazi ule nao ukaanza, machipukizi kila kona, naye akiyafyeka kwa hasira kama wezi.

Ushauri haukukosekana, maana penye wengi pana mengi. Mzee Hopeton alisema mti umekuwa mvivu, upigwe mkanda Ijumaa Kuu alfajiri, utashika adabu na kuzaa.

"Nimpige mwanangu mkanda naye yuko Kanada?" Ionie akamjia juu. "Umelewa saa hizi, Hopeton?"

"Si mwanao, ni mti!"

"Niambie mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, ndipo nikupe mkanda."

Dada mmoja wa kanisani akashauri kitambaa chekundu kifungwe shinani. Mimi nilisema chumvi ya kuogea, sijui hata nilitoa wapi. Ionie alifanya yote isipokuwa mkanda, na mti ukaendelea kukauka kutoka juu kuja chini.

"Mimi sielewi, Mer," alikuwa akiniambia, na machozi yako karibu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Basi mimi mzazi, mbona sijui? Anasema yu mzima. Mti unasema yu mgonjwa. Nimwamini nani?"

Nilimwambia amwamini mwenye mdomo. Lakini nami kila asubuhi nilianza kuutazama ule mti kabla ya kuinjika chai.

Jumapili moja hakusubiri hata aulizwe. "Rudi nyumbani," alimwambia. "Rudi nikuone kwa macho yangu. Mti huu ukianguka nawe uko huko, nitakufa mimi."

Na Clovis akarudi. Alivunja mkataba, akashuka kwenye teksi mbele ya lango bila kumwambia mtu, na mama yake alipomwona alimshika mashavu, akambonyeza mabega, akamgeuza huku na huku kama mnunuzi wa mbuzi. Kijana alikuwa amenenepa.

"Mzima?"

"Mzima, Mama."

"Kifua?"

"Kizima."

Ionie akamwachia, akabaki amesimama mikono hewani. "Basi nani anaumwa?"

Clovis alikuwa tayari amempita, sanduku bado mkononi, anauelekea mti. Akasimama mbele ya mawe meupe. Akatazama maua, akatazama magimbi, akatazama shina linavyozama kwenye udongo.

"Mama, miguu ya mti iko wapi?"

"Miguu gani?"

"Shina likifika chini hutanuka, ndipo mizizi inaanza. Pale lazima papate hewa. Nilipofika kule kwenye matofaa, jambo la kwanza kuambiwa ni hilo: atakayefukia mguu wa mti atafute kazi kwingine." Akaweka sanduku chini, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono, bado amevaa shati lake la safari. "Umeuzika, Mama."

"Nimeuvisha!"

Aliendelea kufukua. Gome la chini lilipotokea lilikuwa jeusi, laini, unalibonyeza kwa kidole linaingia, na harufu yake ilikuwa ya gunia lililolowa likasahauliwa. Ionie aliinama akainusa. Akainuka polepole.

"Miaka yote kabla ya hapa nani aliutunza mti huu?" aliuliza, sauti imepanda. "Nani?"

"Hakuna," Clovis akajibu. "Ndiyo maana ulikuwa mzima."

Hakumaanisha ubaya, amechoka na safari. Lakini neno lile lilimpata mama yake pabaya. Akaingia ndani, na cherehani ikasikika mpaka jioni bila kupumzika. Alimpikia samaki wa chumvi, akamwekea mezani, hakusema naye.

Kesho yake Clovis alianza kazi. Udongo hakuutoa wote kwa siku moja, kwa sababu mizizi midogo ilikuwa imepanda humo kutafuta pumzi, na kuianika juani ghafla ni kuiua mara ya pili. Aliupunguza kidogo kidogo kwa mikono, shina likawa wazi, na mizizi akaifunika kwa majani makavu ya mti wenyewe. Magimbi akayahamishia mbali, nje ya kivuli, kwenye matairi ya zamani. Kisha akamwambia mama yake jambo lililokuwa gumu kuliko yote.

"Chini ya mti usifagie tena."

"Niache takataka uani?"

"Si takataka, ni chakula chake. Jani likianguka, liache."

"Watu watasema nini, Clovis? Watasema Ionie amekufa, au amekuwa mlevi."

"Waambie mwanao amerudi na wazimu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini ilimuuma kwelikweli. Nilimwona alfajiri amesimama ukingoni mwa kivuli na ufagio wake, jani limeanguka, mkono unamcheza. Mwishowe akaufunga ufagio kwa kamba na kuutundika msumarini, juu sana, ili kuufikia kuwe na kazi.

Maua Clovis hakumkataza. Alimwambia apande vitu vidogo tu, vyenye mizizi mifupi, na jembe aliache kabisa. Akampa kijiko cha mezani. "Chimba kwa hiki, katikati ya mizizi. Kikigusa mzizi, fukia, sogea pengine. Na shina liachie nafasi yake." Basi Bi Ionie Pinnock, mshonaji wa nusu ya Portland, akawa anatambaa chini ya mti na kijiko, anachimba, anagusa, anafukia, anaomba radhi. Ndiyo, alikuwa akiuomba mti radhi. Nilimsikia.

Clovis alikaa miezi. Jioni moja alikuja kukaa kwenye benchi la duka langu, akaagiza soda, hakuinywa.

"Anti Mer, nikwambie kitu usicheke?"

"Nitajaribu."

"Kule, Mama alipoanza kuniambia habari za majani, kila nikikohoa nilikuwa najiuliza, ni mimi hii au ni mti? Nilikwenda kwa daktari. Akasema mapafu safi. Nikarudi tena kwake, akasema safi. Sikumwamini. Nilikuwa nalala nikiona tawi linakauka."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

"Ulisoma, Clovis. Unaijua sayansi ya miti. Unaamini hayo?"

"Siamini," alisema. "Lakini nilirudi, sivyo?"

Tajiri wake wa shamba la matofaa alimpigia simu mavuno yalipokaribia. Nafasi bado ilikuwepo, ila asichelewe. Clovis akamjibu, mama yake akisikia: hataondoka mpaka mti utoe majani juu. Na juu palikuwa pakavu vilevile. Nilimwona Ionie siku zile anashona, anafumua, anashona palepale. Aliniuliza kama mti unaweza kumfunga mtu kama mbuzi. Asubuhi moja akamkuta mwanawe anakunywa chai.

"Nenda," akamwambia.

"Na mti?"

"Mti nitautazama mimi. Wewe jitazame."

"Mama, ukiona..."

"Nikiona nimeona. Nenda, Clovis, kabla sijabadilisha mawazo."

Alipokuwa akiondoka alizunguka nyuma ya jiko la nje, kwenye chipukizi moja lililokuwa limeponea panga la mama yake. Akaligusa jani. "Hili limetoka kwenye mzizi wa mti wenyewe, usilifyeke," alisema.

"La kazi gani?"

"Liache tu."

Mvua za Oktoba zilikuja na upepo. Mshelisheli ulianguka mchana, tunautazama, uliinama polepole upande wa barabara, bila kuigusa nyumba, na ardhi ikatikisika mpaka kwangu. Mvua ilipopungua tulikwenda. Upande mmoja wa kitako cha mti ulikuwa na mizizi mirefu imening'inia na udongo wake. Upande wa pili palikuwa na vigutu tu, vimekatwa sawasawa.

Ionie alivishika kimoja kimoja. "Hapa nilikata mimi," alisema. "Na hapa. Na huu nilihangaika nao asubuhi nzima." Akakaa chini kwenye tope, na gauni lake zuri. "Nimemuua mwanangu, Mer?"

"Juzi hukuzungumza naye?"

"Nilizungumza naye."

"Basi?"

"Basi sielewi. Sielewi kitu." Akalia kama alivyolia siku ya kumzika Vernal, nami nikakaa naye kwenye tope. Niliogopa Jumapili. Yeye aliiogopa zaidi.

Jumapili ikafika, na mimi nikahakikisha niko pale barazani kabla ya simu. Ua ulikuwa na mwanga mwingi ajabu. Kisimu kikalia, Ionie akakiacha kilie kidogo, akapokea.

"Unakula?"

"Nakula, Mama. Wewe?"

"Mimi mzima."

"Mti wangu vipi?"

Aliangalia pale katikati ya ua, kwenye shimo na kigogo kilichobaki. Nilidhani atamwambia. Kisha akageuka akaangalia nyuma ya jiko la nje.

"Umetoa jani jipya," alisema. "Kubwa. Limekunjuka jana."

Sauti ya upande wa pili ikashuka.

"Upi huo, Mama?"

"Una mti mmoja tu, Clovis. Tangu lini ukawa na miwili?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akakohoa.

Nilishika ukingo wa benchi. Mdomo wa Ionie ulifunguka. Swali lile nilikuwa nalijua, nimelisikia Jumapili zote alizokuwa kule, na nililiona likija mpaka kwenye meno yake. Akafunga mdomo. Alimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kula vizuri."

Akakata simu, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Amekohoa," nikamwambia.

"Nimesikia."

Akainuka, akachukua kijiko chake dirishani pamoja na miche ya mnanaa kwenye kopo, akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata kwa macho. Alipiga magoti mbali kidogo na lile chipukizi, akachimba, kijiko kikagusa kitu, akafukia, akasogea.